Wasiwasi na mawimbi ya joto baada ya kuondolewa kizazi: la kufanya, hatua kwa hatua

Maswali huwa ni yale yale. "Waliniachia ovari, mbona naungua?" "Moyo unanienda mbio usiku, ni presha au akili yangu?" "Dawa za homoni si zinaleta saratani?" "Wiki ya kumi hii, mbona bado nalia ovyo?" Tumeyapanga majibu kwa mfuatano ili ujue la kufanya leo, la kufanya wiki mbili zijazo, na la kumpelekea daktari. Mwongozo huu haumwondoi daktari wako. Unakufikisha kwake ukiwa na karatasi zenye maelezo, maana dakika kumi za kuonana naye haziwatoshi wanaokuja na machozi peke yake.

Shika jambo moja kwanza. Hiki unachokiita wasiwasi baada ya upasuaji huu mara nyingi ni vitu vitatu vilivyosukwa pamoja: homoni zilizoshuka, mwili ambao haujapona, na hofu yenyewe. Kila kimoja kina dawa yake. Ukitibu upungufu wa damu kwa mazoezi ya kupumua, au hofu ya kutoka nje kwa plasta ya homoni inayobandikwa kwenye ngozi, utazunguka palepale miezi.

Uwe na hivi kabla ya kuanza

- Nakala ya ripoti ya upasuaji na majibu ya maabara ya kilichotolewa. Ni haki yako kuziomba. Kile ulichoambiwa kwa mdomo ukiwa bado na usingizi wa dawa hakitoshi.
- Daftari dogo na kalamu, viwekwe kando ya kitanda. Simu inafaa mchana, ila usiku mwanga wake unakuamsha zaidi.
- Kipimajoto. Ukiweza, na mashine ya presha ya kufunga mkono wa juu.
- Orodha ya kila unachomeza: vidonge, mitishamba, vitamini, dawa za usingizi.
- Historia ya familia: saratani ya matiti au ovari, damu kuganda, kiharusi, kuvunjika nyonga uzeeni.
- Shuka la pamba, nguo ya kulalia ya kubadilisha, maji ya baridi na feni ndogo.
- Mtu mmoja anayejua ulichofanyiwa na unayeweza kumwamsha usiku.

Nadharia kidogo, kisha kazi

Hedhi hutoka kwenye kizazi, homoni hutoka kwenye ovari, zile tezi mbili za mayai. Kizazi kikitolewa peke yake, hedhi inakoma lakini homoni zinaendelea. Hata hivyo ovari zilizobaki huweza kuyumba kwa muda kwa sababu upasuaji umegusa mishipa inayozipelekea damu, na ukomo wa hedhi huweza kukufikia mapema kuliko ulivyopangiwa na umri wako. Ovari zote mbili zikitolewa kabla ya ukomo, estrojeni, homoni kuu ya kike, huporomoka ndani ya siku moja au mbili. Mwanamke ambaye mwili wake ungeshuka ngazi hizo kwa miaka kadhaa anazishuka kwa mruko mmoja, na ndiyo maana dalili zake huwa kali.

Estrojeni inagusa pia sehemu ya ubongo inayodhibiti joto la mwili, pamoja na kemikali zinazotuliza hisia. Kwa hiyo wasiwasi huu hauna uhusiano na udhaifu wa imani wala wa moyo.

Hatua ya 1: Jua hasa kilichotolewa

Fungua ripoti utafute majibu ya maswali haya manne, uyaandike ukurasa wa kwanza wa daftari:

a) Ovari zimetolewa? Zote mbili, moja, au hakuna? Kutolewa mirija ya uzazi peke yake si kutolewa ovari. Wengi huchanganya hapa.
b) Shingo ya kizazi imetolewa au imeachwa? Ikiwa imeachwa, bado unahitaji kipimo cha saratani ya shingo ya kizazi kama kawaida, na unaweza kuona matone ya damu kila mwezi.
c) Maabara wameona nini: uvimbe wa kawaida, endometriosisi (utando kama wa kizazi unaoota nje yake), saratani, chembe zenye mabadiliko?
d) Ulipoteza damu kiasi gani, na kiwango chako cha damu kilikuwa ngapi ulipotoka hospitali?

Majibu ya (a) hadi (c) ndiyo yanayoamua dawa ya homoni utakayopewa. La (d) husahaulika, nalo ndilo linaloeleza sehemu kubwa ya mapigo ya moyo ya wiki za mwanzo.

Hatua ya 2: Usikiite wasiwasi kabla ya kuondoa hatari

Wiki za kwanza baada ya upasuaji mkubwa ni wakati ambao damu huganda kwa urahisi. Donge la damu likifika kwenye mapafu huleta pumzi fupi, moyo kwenda mbio na hisia kwamba unakufa. Shambulio la hofu huleta hayo hayo. Usijiamulie mwenyewe ni kipi. Nenda hospitali saa hiyo hiyo ukiona lolote kati ya haya:

- pumzi kukatika ghafla, maumivu ya kifua yanayochoma ukivuta hewa, au kukohoa damu;
- mguu mmoja kuvimba, kuuma au kuwa na joto kuliko mwingine;
- homa ya nyuzi 38 au zaidi, usaha au harufu mbaya ukeni, maumivu ya tumbo yanayozidi kila siku;
- damu inayolowesha pedi nzima ndani ya saa moja;
- kushindwa kukojoa, au mkojo kuvuja mfululizo ukeni;
- mawazo ya kujidhuru au kwamba ni bora usingekuwepo. Hili ni dharura sawa na kutokwa damu. Mwambie yule mtu wako mmoja sasa hivi, asikuache peke yako, mwende pamoja.

Kosa la kawaida: ndugu, na wakati mwingine hata mhudumu, kukwambia "ni mawazo tu" kwa sababu juzi ulilia. Sema wazi, "Nimefanyiwa upasuaji wiki tatu zilizopita na pumzi imebadilika ghafla." Sentensi hiyo inabadilisha namna utakavyohudumiwa.

Hatua ya 3: Andika siku 14

Kila tukio, mstari mmoja: saa, kipi kilianza kwanza, joto au hofu, lilidumu dakika ngapi, ukali kati ya 0 na 10, nini kilitangulia (kahawa, pombe, pilipili, chumba chenye joto, ugomvi, habari mbaya). Asubuhi ongeza saa ulizolala na mara ulizoamka umelowa.

Safu ya "kipi kilianza kwanza" ndiyo yenye thamani. Wimbi la joto huanzia kifuani, likapanda shingoni na usoni, ngozi ikawa nyekundu au ya moto, jasho, kisha baridi. Kwa kawaida hupita ndani ya dakika moja hadi tano. Hofu hujibandika juu yake baadaye: "kuna nini tena?" Shambulio la hofu huanza na wazo au mstuko, vidole hufa ganzi, koo hubana, na hufika kileleni ndani ya kama dakika kumi. Wanaoona joto likitangulia karibu kila mara hufaidika zaidi na tiba ya homoni. Hofu ikitangulia, Hatua ya 8 ndiyo yako hata kama homoni umepata.

Siku ya 14 jaza pia dodoso la maswali saba la GAD-7, ambalo kliniki nyingi wanalo. Kila swali lina alama 0 hadi 3 kwa wiki mbili zilizopita. Jumla ya 5 ni wasiwasi mdogo, 10 ni wa kati, 15 ni mkali. Ukifika 10 omba msaada wa mtaalamu, usiendelee na daftari peke yako.

Usizidishe siku 14. Kuna wanaoandika miezi mitatu, kila pigo la moyo, mpaka daftari lenyewe linakuwa ugonjwa.

Hatua ya 4: Vipimo vya kuomba

Omba picha kamili ya damu na ferritini (akiba ya madini ya chuma), TSH kwa ajili ya tezi ya thairoidi, na sukari. Moyo ukiruka mapigo, omba na kipimo cha umeme wa moyo. Kama ulikuwa ukitokwa damu nyingi kabla ya upasuaji, huenda uliingia chumba cha upasuaji akiba ya chuma ikiwa imekwisha. Upungufu huo huleta moyo kwenda mbio, kuchoka, kukosa usingizi na woga usio na jina, na plasta haiutibu.

Kipimo cha FSH (homoni ya kichwani inayozichochea ovari) kina kazi yake pale ovari zilipobaki, kwa kuwa huna hedhi tena ya kuhesabia ile miezi 12 bila damu inayothibitisha ukomo. Lakini namba hiyo hupanda na kushuka, kwa hiyo jibu moja si hukumu. Daktari huweza kurudia baada ya wiki nne hadi sita. Ikiwa ovari zote zimetolewa, usilipie FSH. Jibu unalo tayari kwenye ripoti.

Hatua ya 5: Amua kuhusu homoni

Tuanze na woga, kwa maana hapa ndipo wengi hukwama. Mwaka 2002 utafiti mkubwa wa Marekani uitwao Women's Health Initiative ulisimamisha sehemu yake iliyotumia estrojeni pamoja na projestini (projesteroni ya kutengenezwa), na moja ya sababu ilikuwa ongezeko la saratani ya matiti. Habari zikasambaa kwamba homoni zote ni sumu. Sehemu ya pili ya utafiti huo huo ilihusu wanawake wasio na kizazi, waliotumia vidonge vya estrojeni peke yake. Ilisimamishwa mwaka 2004 kwa sababu ya ongezeko la kiharusi, lakini saratani ya matiti haikuongezeka. Wewe uliyeondolewa kizazi uko karibu zaidi na kundi hili la pili. Hatari zipo, ila si zile unazotishiwa nazo.

*Nani anaihitaji zaidi.* Ikiwa ovari zote zimetolewa kabla ya miaka 45 na huna kizuizi, ushauri wa kawaida ni kutumia estrojeni angalau hadi umri wa ukomo wa kawaida, karibu miaka 50 au 51. Hapo si kutibu joto tu: unalinda mifupa na moyo kwa miaka ambayo ovari zingelinda.

*Nani asianze bila mtaalamu.* Aliyewahi kuwa na saratani ya matiti au nyingine inayolishwa na estrojeni, aliyepata damu kuganda, kiharusi au mshtuko wa moyo, mwenye ugonjwa wa ini unaoendelea, na mwenye damu ukeni ambayo sababu yake haijajulikana.

*Estrojeni peke yake au pamoja na projesteroni?* Projesteroni hulinda utando wa kizazi. Kizazi hakipo, basi kwa kawaida haihitajiki. Kuna hali mbili za kumkumbusha daktari: endometriosisi, hasa iliyokuwa imesambaa, kwa kuwa mabaki yake huweza kuamshwa na estrojeni ikiwa peke yake, na shingo ya kizazi iliyoachwa, kwa kuwa huenda utando kidogo umebaki. Ndiyo maana usimeze vidonge vya jirani hata kama umri wenu ni mmoja. Vyake pengine ni vya mwenye kizazi.

*Ya kupaka au ya kumeza?* Estrojeni inayopita kwenye ngozi, kwa dozi za kawaida, haionekani kuongeza hatari ya damu kuganda. Ya kumeza huongeza. Kama una uzito mkubwa, presha, unavuta sigara, una kipandauso au umri umesogea, taja hili. Tungeanza na ya ngozi kila inapopatikana.

*Kiasi.* Plasta nyingi hutoa mikrogramu 25, 50, 75 au 100 kwa saa 24. Mwenye umri wa ukomo wa kawaida huanza chini, 25 hadi 50. Mwanamke mwenye umri mdogo aliyetolewa ovari mara nyingi hatosheki na 50. Yeye anahitaji 75 au 100. Vidonge vya estradioli (aina ya estrojeni) ni miligramu 1 au 2 kwa siku.

*Namna ya kubandika.* Chini ya kiuno: tako au paja la juu, mbali na kidonda. Kamwe si kwenye titi. Ngozi iwe kavu, bila losheni wala mafuta. Bonyeza kwa kiganja sekunde kumi. Plasta nyingi hubadilishwa mara mbili kwa wiki: chagua siku mbili, mathalani Jumatatu na Alhamisi, na uhamie upande mwingine. Ukitumia jeli, ipake mkono au paja, iache ikauke dakika tano, usioge kwa saa moja, na usimwache mtoto akaigusa ngozi hiyo.

*Muda.* Joto huanza kupungua ndani ya wiki mbili hadi nne. Usiihukumu dozi kabla ya wiki 8 hadi 12. Kosa tunaloliona zaidi ni mtu kubandika mbili siku mbaya, kuibandua siku nzuri, kisha kusema dawa haifanyi kazi. Homoni inayopanda na kushuka ndiyo yenyewe inayoleta wasiwasi.

*Dawa zinazogongana.* Rifampisini (ya kifua kikuu) na karbamazepini (ya kifafa) hupunguza nguvu ya estrojeni. Estrojeni nayo hupunguza kiwango cha lamotrijini, dawa nyingine ya kifafa, mwilini. Ukitumia dawa ya thairoidi na ukaanza estrojeni ya kumeza, TSH irudiwe baada ya wiki chache.

Hatua ya 6: Kama homoni haiwezekani, au huitaki

Zipo dawa nyingine, zote kwa cheti cha daktari. Venlafaksini huanza miligramu 37.5 na hupandishwa hadi 75. Esitalopramu ni 10 hadi 20. Hizi mbili ni dawa za sonona, na hupunguza joto na wasiwasi kwa pamoja, kwa hiyo zinamfaa mwenye vyote viwili. Gabapentini, 300 usiku na kupanda taratibu, inamfaa anayeamka amelowa. Fezolinetanti, miligramu 45 kwa siku, iliidhinishwa Marekani mwaka 2023 kwa ajili ya joto tu, na inadai vipimo vya ini.

Tahadhari tatu. Anayetumia tamoksifeni, dawa ya saratani ya matiti, asipewe paroksetini wala fluoksetini, ambazo nazo ni za sonona, maana huzuia tamoksifeni isigeuzwe kuwa na nguvu mwilini. Dawa za sonona huweza kuongeza wasiwasi wiki mbili za kwanza kabla ya kuutuliza, na kwa wasiwasi hudai wiki nne hadi sita. Wengi huacha siku ya nane, hatua moja kabla ya mlango. Tena usiziache ghafla, venlafaksini hasa: utapata kizunguzungu na mishtuko kama ya umeme kichwani. Diazepamu na jamaa zake, dawa za kutuliza, ni za siku chache, zisizidi wiki mbili hadi nne, kwa sababu mwili huzizoea na kuzidai.

Mitishamba inayouzwa kwa jina la kukoma hedhi ina ushahidi dhaifu, na mingine imehusishwa na madhara ya ini. Ukiitumia, iandike kwenye orodha yako ya dawa.

Hatua ya 7: Wimbi likija, dakika tano hizi

1. Vua tabaka la juu la nguo. Vaa kwa tabaka kila siku ili hili liwezekane hadharani.
2. Maji ya baridi kwenye vifundo vya mikono na nyuma ya shingo.
3. Vuta hewa puani ukihesabu nne, itoe ukihesabu sita, tumbo likipanda na kushuka. Usivute kwa nguvu. Kupumua kwingi ndiko kunakoleta ganzi za vidole.
4. Jiambie jambo la kweli, si la kujifariji: "Hili ni wimbi, nalijua, dakika tano litapita."
5. Endelea na ulichokuwa ukifanya kabla halijaisha kabisa. Ukikimbia chumba kila mara, ubongo unajifunza kwamba chumba kile kilikuwa hatari.

Kupumua huku hakujathibitika kupunguza idadi ya mawimbi. Kunapunguza hofu inayopanda juu yake, na hiyo ni nusu ya mateso. Kufanye dakika tano mara mbili kwa siku ukiwa umetulia. Anayesubiri shambulio ndipo ajifunze kupumua ni kama anayejifunza kuogelea akiwa anazama.

Hatua ya 8: Ishughulikie hofu yenyewe

Tiba ya kisaikolojia ya kurekebisha fikra na tabia ina ushahidi mzuri kwa wasiwasi, kwa usingizi, na hata kwa namna mawimbi ya joto yanavyokusumbua. Kama mtaalamu yupo, mwone. Wakati unasubiri, fanya haya mawili.

*Saa ya wasiwasi.* Chagua dakika 15 kila siku, saa ile ile, mbali na kitanda. Wazo likija saa nyingine, liandike neno moja na uliahirishe. Ikifika saa yake, pitia orodha. Kwa kila wazo, jiulize: naweza kufanya kitu? Kama ndiyo, andika hatua moja na siku yake. Kama hapana, liache kwenye karatasi. Dakika 15 zikiisha, funga daftari.

*Ngazi.* Andika unavyovikwepa tangu upasuaji, ukivipa alama 0 hadi 10: kutoka peke yako, ibada, kikao cha kazi, kulala na mwenzi. Anza na cha alama 3 au 4. Kifanye, ubaki humo mpaka hofu ishuke angalau nusu, ukirudie mara kadhaa wiki hiyo, ndipo upande. Kosa ni kuanza na cha 9 ili kuthibitisha ujasiri. Kosa la pili ni kutoka hofu ikiwa kileleni.

Na huzuni ipewe nafasi yake. Hata aliyekuwa hataki mtoto mwingine, hata aliyeshukuru maumivu kwisha, huweza kuomboleza kizazi. Kuomboleza huja na kupungua. Kukosa raha ya kitu chochote kwa zaidi ya wiki mbili, kujilaumu na kuamka alfajiri bila usingizi kurudi ni sonona, nayo inatibika.

Hatua ya 9: Usingizi

Saa ya kuamka iwe moja siku zote, hata baada ya usiku mbaya. Kahawa na chai ya rangi mwisho saa sita mchana. Pombe hukuletea usingizi wa haraka na kukuamsha saa nane ukiwa umelowa. Ukikaa macho kama dakika 20, ondoka kitandani, kaa kwenye mwanga hafifu, rudi usingizi ukija. Usitazame saa. Weka nguo kavu na shuka la pili karibu ili kubadilisha kuchukue dakika mbili, si msako wa makabati.

Hatua ya 10: Mwili na tendo la ndoa

Tembea kuanzia siku za mwanzo, dakika tano hadi kumi, ukiongeza kidogo kidogo. Usinyanyue kinachozidi kilo 4 au 5 hadi wiki sita zipite au daktari aruhusu. Ukishapona, lenga dakika 150 za kutembea haraka kwa wiki, na siku mbili za mazoezi ya nguvu kwa ajili ya mifupa. Kalsiamu jumla ya miligramu 1,000 hadi 1,200 kwa siku, chakula kwanza. Waliotolewa ovari mapema waulize kuhusu kipimo cha uzito wa mifupa.

Hakuna kitu cha kuingia ukeni, tamponi ikiwemo, kwa wiki sita hadi nane. Mshono ulio juu ya uke huweza kufumuka. Baadaye, ukavu una ngazi zake: kilainishi wakati wa tendo, kinyevushi cha uke kila siku mbili au tatu, hata kama hakuna tendo, na estrojeni ya ukeni, mathalani vidonge vya mikrogramu 10 kila siku kwa wiki mbili, kisha mara mbili kwa wiki. Kiasi kinachoingia kwenye damu ni kidogo sana, ila aliyepitia saratani ya matiti amuulize kwanza daktari wake wa saratani. Mafuta ya mgando si kilainishi, na mafuta yoyote huharibu kondomu za mpira.

Mwambie mwenzi mapema kwamba kukataa kwa sasa ni agizo la mshono. Ukimya humwacha atunge maelezo yake.

Mambo yakikwama

*Wiki ya 12, plasta ipo, joto halijapungua.* Angalia kama inabanduka pembeni au inawekwa juu ya losheni. Kama iko sawa, omba dozi ipandishwe au ubadilishwe kwenda jeli. Baadhi ya ngozi hazipitishi plasta vizuri.

*Joto limeisha, wasiwasi umebaki.* Homoni imemaliza kazi yake. Rudi Hatua ya 4 uhakikishe damu na thairoidi, kisha weka nguvu Hatua ya 8 na uzungumzie dawa ya wasiwasi. Kuongeza estrojeni hapa hakusaidii.

*Matiti yanauma, kichefuchefu, mwili umejaa maji.* Dozi huenda ni kubwa, au mwili unaizoea. Subiri wiki chache, ikizidi, ishushwe.

*Ngozi inawasha chini ya plasta.* Hamisha sehemu kila mara, jaribu aina nyingine, au jeli.

*Kila kitu ni sawa isipokuwa hamu haipo.* Ovari hutoa pia sehemu kubwa ya testosteroni ya mwanamke. Tibu kwanza ukavu na usingizi, kagua dawa za sonona maana nazo hupunguza hamu, kisha muulize mtaalamu kuhusu testosteroni ya dozi ya wanawake. Usitumie ya wanaume kwa kukadiria.

*Ovari zilibaki, dalili zilikuja na zikaondoka zenyewe.* Hutokea, ovari zimeamka. Zikirudi miaka michache baadaye, usisubiri hedhi ikuthibitishie. Fungua tena daftari la siku 14.

*Nataka kuacha homoni.* Kama hujafika miaka 50, usiache bila kujadili mifupa. Vinginevyo shuka ngazi moja ya dozi kila mwezi mmoja hadi mitatu, ukianza msimu wa baridi badala ya wa joto. Dalili zikirudi kwa nguvu, panda ngazi moja na ukae hapo miezi mitatu kabla ya kujaribu tena.